Kamera ndogo ya mfukoni: nimekaa na Sony RX100 ya kwanza, haya ndo niliyoyaona

Mama yangu ana sura mbili. Moja ya kawaida, ya kucheka mpaka anajipiga mapaja, na nyingine ya picha, yaani ukishamwambia tu "mama angalia huku" uso unakaza kama anapigwa ya pasipoti. Miaka yote nilikua nina picha za hiyo sura ya pili tu. Kwaiyo nilivyoamua kutafuta kamera ndogo ya picha za kawaida, za nyumbani, za safari, za watu wakiwa hawana habari, kipimo changu kilikua kimoja: iwake na ipige kabla mama hajashtuka.

Nikaanza kwa kukosea. Kamera ya kwanza, kampuni siitaji, niliichukua kwa sababu boksi lilikua limeandikwa zumu mara 30 na megapikseli 20 kwa herufi kubwaaa, nikasema hapa nimemaliza. Aisee. Unaiwasha, lensi inatoka taratibu kama konokono, inalia ziiii, alafu inaanza kutafuta fokasi inaenda inarudi inaenda inarudi, mpaka usikie kale kamlio ka kwamba iko tayari mtu keshakaa sawa na kanga keshairekebisha. Ndani ya nyumba jioni ndo usiseme, chenga tupu, ukivuta uso wa mtu unaona kama umechorwa kwa rangi ya maji. Mwishowe mchanga wa kwenye begi ukaingia kwenye lensi, ikagoma kurudi ndani, ipo kwenye droo mpaka leo imetoa ulimi nje.

Kilichoniponza ni kitu ambacho boksi haliringi nacho, sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Hizi ndogo nyingi za zumu ndefu zina sensa inayoitwa 1/2.3, ni kama milimita 6 kwa 4.6 hivi, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho. RX100 ya Sony ina sensa ya inchi moja, na hiyo "inchi moja" ni jina tu usije ukapima na rula, ukweli ni milimita 13.2 kwa 8.8, ila bado eneo lake ni kama mara nne ya ile nyingine. Megapikseli zote zina 20. Kwenye karatasi zinafanana kabisa, kumbe huku wageni 20 wamebanana kwenye chumba cha kulala na kule wageni walewale 20 wamepewa sebule nzima. Taa ikiwa hafifu ndo utajua nani amebanwa.

Sasa RX100 yenyewe. Naongelea ile ya kwanza kabisa ya mwaka 2012, nimeichukua mtumba. Ina gramu 240 ikiwa na betri na kadi, inaingia mfuko wa suruali kweli kweli, sio ule mfuko wa koti wanaousema wauza kamera. Zumu yake ni fupi, milimita 28 mpaka 100 (namba ikikua ndo unavuta karibu zaidi), yaani mara tatu na nusu na ushee, na mwanzoni niliidharau kwa hilo. Lakini ukiwa hujavuta lensi inafunguka mpaka f/1.8 (hii namba ya f ikiwa ndogo tundu la lensi ni kubwa, mwanga unaingia mwingi), ndo maana sebuleni kwa taa moja inapata picha bila flashi. Ila ukivuta mpaka mwisho inabaki f/4.9, hesabu yake ni kwamba mwanga unaoingia unapungua kama mara saba, kwaiyo usiku kama unamtaka mtu kwa karibu mfuate kwa miguu, usivute.

Flashi ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote na nilikigundua kwa bahati tu. Inaruka juu kwenye kikono chake, na ukiivuta nyuma kwa kidole inaangalia dari, mwanga unapiga dari unashuka umelainika, hamna paji la uso kung'aa, hamna yale macho mekundu ya kishetani. Yale macho yanatokea kwa sababu flashi imekaa jirani na lensi, mwanga unaingia moja kwa moja kwenye mboni unagonga nyuma ya jicho kwenye damu unarudi na wekundu wake. Ukiugeuzia dari haurudi hivyo. Dari iwe nyeupe lakini, ya mbao itawafanya wote wawe rangi ya chai.

Kwenye kasi, siwezi kusema ni ya kuruka, kuwaka inahitaji subira kidogo, ila nimejifunza ujanja: naiwasha ikiwa bado mkononi chini, nabonyeza kitufe nusu kwanza ishike fokasi, nasubiri cheko lije, alafu namalizia. Watu wengi wanabonyeza mpaka chini kwa mara moja wanalalamika kamera inachelewa, kumbe wao ndo hawajaipa nafasi.

Visivyokuwepo ujue mapema: haina wai-fai, kioo hakigeuki wala hakiguswi, chaji ni ya maikro USB ikiwa ndani ya kamera yenyewe, na mwili wake ni laini kama sabuni, Sony wenyewe waliuza kishikio cha kubandika mbele, walijua wenyewe. Vaa kamba ya mkononi. Hii ya kamba siombi, naamuru.

Kama hizo zinakukera, RX100 ya pili ya 2013 imeongezwa wai-fai na kioo kinachoinuka, ya tatu ya 2014 ina kitundu cha kuchungulia kinachochomoza juu na lensi inayobaki na f/2.8 hata ukivuta mwisho japo zumu imefupishwa iwe 24 mpaka 70. Mtu wa selfi na video mi ningempeleka Canon G7 X Mark II ya 2016, kioo kinageuka kukuangalia wewe, kinaguswa, lensi 24 mpaka 100 yenye f/1.8 mpaka 2.8, sensa ukubwa uleule. Ina gramu 319 na mfukoni utazisikia. Ricoh GR III nayo inawaka chini ya sekunde moja, ina sensa ya APS-C kubwa kuliko hizi zote, kwa kipimo cha mama ingeshinda, ila haina zumu, haina flashi ndani, na betri inahesabiwa picha 200 tu. Mimi bila flashi siwezi. Na mwenye watoto wa kucheza majini achukue tu Olympus TG-6, inazama mpaka mita 15, sensa yake ni ile ndogo lakini chini ya maji mchana wa jua nani atahesabu chenga.

Najua kuna mtu atasema si una simu. Ndio, na tuwe wakweli, simu nzuri ya sasa usiku inazishinda kamera za 1/2.3 kwa sababu inapiga picha kadhaa kwa mpigo inaziunganisha. Mwaka 2010 kamera ndogo zilizopelekwa sokoni duniani zilipita milioni 100, mwaka 2023 hazikufika hata milioni 2, simu imezila. Kwaiyo kununua kamera ndogo ya sensa ndogo wakati una simu nzuri ni kujirudisha nyuma. Isipokua kama unataka ule muonekano wa picha za zamani ambao vijana wanaukimbilia kwenye kamera za CCD, ile aina ya sensa ya zamani, mi naona nusu ya ule uzuri ni flashi ya usoni tu wala sio CCD, ila kila mtu na macho yake.

Ukinunua mtumba, iwashe na kuizima mara kumi hapohapo usikilize lensi kama inakwaruza. Vuta zumu mpaka mwisho, piga ukuta mweupe, ukuze picha utafute nukta nyeusi, hilo ni vumbi la ndani na halifutiki kwa kitambaa. Toa betri uiweke mezani, ikibembea imevimba. Na uliza inakula kadi gani, kuna za zamani za Olympus na Fujifilm zinataka kadi ya xD ambayo haitengenezwi tena, na zingine za SD hazisomi kadi ya giga 64, utahangaika na za giga 2.

Mama akicheka ninayo sasa, tena nne. Moja imetikisika kidogo na mkono wake umetoka ukungu kabisa, hiyohiyo ndo ameomba nimtolee kopi.