Kukarabati Jiko la Nyumba ya Zamani Tabora kwa Fedha Kidogo: Kipi Kinunuliwe Kwanza na Kipi Kisubiri

Nyumba nyingi za zamani mjini Tabora, hasa katika mitaa kama Ng'ambo, Isevya na Kanyenye, jiko lake liko uani: chumba kidogo chenye mlango mmoja na kidirisha cha mbao, sakafu iliyochimbika, na kuta ambazo masizi ya miaka mingi yamezigeuza nyeusi. Mwenye nyumba anapopata fedha kidogo, pengine baada ya malipo ya tumbaku, mara nyingi hukimbilia kabati la ukutani, kwa sababu kabati ndilo linaloonekana haraka na wageni. Katika mwongozo huu kabati limewekwa mwisho. Nimepanga manunuzi kwa kigezo kimoja, kwamba kitu kinachovifanya vingine vidumu ndicho kinachostahili fedha za mwanzo, na mtu ambaye fedha zitamwishia katikati ya safari abaki na jiko linalofaa kupikia badala ya pambo lililosimama ndani ya moshi.

Sikuandika bei, kwa kuwa saruji, vigae na vifaa vya bomba hutoka mbali kabla ya kufika hapa, na bei yake hupanda na kushuka. Nimetoa vipimo, kwa sababu mwenye vipimo mkononi anaweza kuuliza katika maduka matatu na kulinganisha kitu kile kile. Jambo jingine la kupanga mapema ni msimu: mvua zetu huanza kwa kawaida Novemba na kuendelea hadi Aprili, na plasta au rangi iliyopigwa kwenye ukuta wenye unyevu haikai. Kazi ya kuta ifanyike kati ya Juni na Oktoba.

Nafasi ya kwanza: moshi, mwanga na moto wenyewe

Ununuzi wa gharama ndogo kuliko yote ni bati moja la kupitisha mwanga, ambalo huwekwa mahali pa bati moja la kawaida juu ya sehemu ya kupikia. Kabla ya kulipa, chukua kipande cha bati la zamani uende nacho dukani, kwa sababu migongo ya bati hutofautiana, na lisilolingana na wenzake litavuja mvua ya kwanza. Misumari yake iwe na raba. Pamoja na bati hilo, nunua matofali ya matundu: mawili yawekwe juu karibu na paa, na mawili chini katika ukuta wa upande wa pili. Moshi wa moto hupanda, lakini hauwezi kutoka vizuri kama hakuna hewa mpya inayoingia chini kuchukua nafasi yake, na hilo ndilo mafundi wengi hulisahau wanapotoboa ukuta juu peke yake. Anayetumia mkaa azingatie zaidi, kwa kuwa mkaa uliokolea hauonyeshi moshi ilhali unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa.

Kuhusu jiko la kupikia, serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaofika 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Kwa familia ya kawaida, chaguo langu la kwanza ni jiko la gesi la mezani lenye mafiga mawili pamoja na mtungi wa kilo 15, kwa sababu mtungi wa kilo 6 huisha upesi ukipikia watu wengi, na kila safari ya kuujaza ina nauli yake. Chagua jiko la chuma kizito lenye vishikizo vipana vya sufuria. Yale ya kioo yanapendeza dukani, lakini ugali husongwa kwa nguvu, na jiko jepesi huteleza huku sufuria ikiyumba. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni. Yale matundu ya chini ya ukuta yanakuwa na kazi ya pili, na mtungi usifungiwe ndani ya kabati lisilo na hewa. Mpira na kifungio chake vikaguliwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa, na kamwe visijaribiwe kwa kiberiti.

Linalofuata ni jiko la presha la umeme, si kwa mapishi yote, bali kwa maharage, makande na nyama ngumu, vyakula vinavyomaliza mkaa na gesi. Jiko la wati 1,000 likivuta umeme mfululizo kwa saa nzima hutumia uniti moja, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha, mara nyingi hutumia pungufu ya hapo. Liunganishwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya mzima, lisichomekwe kwenye kamba ya kuongezea inayobeba friji na taa. Jiko banifu la mkaa linakuja la tatu. Linapunguza mkaa, ila masizi na hewa mbaya vinabaki, na ukuta utakaopakwa rangi utalipa gharama hiyo.

Nafasi ya pili: meza ya zege na sinki

Hapa ndipo ningependa msomaji aweke sehemu kubwa ya fedha zake, hata nusu ya zote. Adui wa kudumu wa jiko la Tabora ni mchwa, na meza ya zege iliyokalia matofali ya kuchoma haiwapi chochote cha kula. Matofali hayo yanapatikana kwa wingi hapa hapa, na zege lenyewe halihitaji saruji nyingi kama watu wanavyodhani. Meza yenye urefu wa mita 2.4, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 7.5 ina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.11, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha kwa zege. Ongeza mfuko mmoja au miwili kwa ajili ya kujengea miguu, kuipiga plasta na kumalizia uso wa juu. Nondo mbili za milimita 10 zenye urefu wa mita 12 zitatosha zikikatwa vizuri. Fundi akikuandikia mifuko sita kwa meza ya namna hii, mwombe akuonyeshe hesabu.

Urefu wa kawaida kutoka sakafuni ni sentimita 85 hadi 90, lakini sehemu itakayokaliwa na jiko la gesi ishushwe sentimita 15 hivi, kwa sababu jiko lina kimo chake na sufuria ina chake. Nyumba ambazo hazikufanya hivyo zina wapishi wanaosonga ugali mabega yakiwa juu, na hakuna kabati litakaloondoa maumivu hayo. Zege linyweshewe maji na kufunikwa magunia kwa siku 7 angalau, na mbao za kuzuilia chini zisiondolewe kabla ya wiki mbili. Haraka katika hatua hii huleta nyufa ambazo hazizibiki kwa rangi.

Sinki linunuliwe kabla ya zege kumwagwa, liletwe eneo la kazi, na tundu lake lipimwe kwa sinki lenyewe. Sinki la chuma kisichoshika kutu lenye bakuli moja na ubapa wa kukaushia vyombo, la urefu wa takriban mita moja, linatosha jiko dogo. Bonyeza katikati ya bakuli kwa kidole gumba: likibonyea na kulia kama debe, bati lake ni jembamba na litakunjika chini ya sufuria kubwa. Nunua pia mtego wa maji wa chini ya sinki, kile kipande cha bomba kilichopinda kinachobaki na maji ndani yake. Bila hicho, harufu na mende wa shimoni hupanda hadi jikoni. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, ila mahali ambapo bomba bado halijavutwa hadi jikoni, sinki lina faida vile vile, kwa kuwa ndoo yenye koki ikikaa juu yake kazi yote ya kuosha hutoka sakafuni, na maji machafu huenda kwenye shimo lililojazwa mawe, mbali na kisima.

Uso wa juu unaweza kupigwa niru, yaani saruji laini isiyo na mchanga, ambayo ni rahisi zaidi, lakini ndimu na siki hula saruji, na mawese yanayotujia kutoka Kigoma huacha doa lisilotoka. Vigae vikubwa juu ya meza ni bora kuliko niru. Viwe vikubwa ili mistari ya katikati, inayoshika unga na mafuta, iwe michache. Graniti ni nzuri kweli, nayo inaweza kuja miaka kadhaa baadaye juu ya zege hilo hilo.

Nafasi ya tatu: kuta

Rangi huleta mabadiliko makubwa kwa fedha ndogo, mradi isipakwe juu ya masizi. Masizi hupenya rangi ya maji na kujitokeza kama madoa ya kahawia ndani ya muda mfupi. Ukuta usuguliwe kwa brashi ngumu, maji ya moto na sabuni, ukauke kabisa, kisha upakwe rangi ya chini ya aina ya mafuta kabla ya rangi yenyewe. Nyumba ya tofali bichi ina tatizo la ziada, kwani plasta ya saruji haishikani na udongo. Pigilia kwanza wavu wa waya wa kuku, ndipo plasta ifuate. Na pale ambapo unyevu unapanda kutoka chini, rangi ya mafuta itavimba na kubanduka, kwa hiyo paka chokaa sehemu hiyo hadi msingi ushughulikiwe.

Kwa chumba cha mita 3 kwa 3 chenye ukuta wa mita 2.7, njia ya kubana matumizi ni kupaka rangi ya mafuta, inayofutika kwa kitambaa, hadi mita 1.5 kutoka chini, na rangi ya maji nyeupe kutoka hapo hadi juu. Kopo moja la lita 4 la kila aina linatosha mikono miwili.

Nafasi ya nne: vigae na sakafu

Kuvika kuta zote vigae ni fedha nyingi kwa faida ndogo. Vinavyohitajika ni vya ukanda wa ukuta mzima ulio nyuma ya meza, urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60, yaani mita za mraba 1.8, ongeza asilimia 10 kwa vitakavyovunjika. Vigae vya sentimita 25 kwa 40 vitakuwa 20. Hakikisha namba ya toleo kwenye maboksi yote ni moja, vinginevyo rangi zitatofautiana. Sakafuni, epuka vigae vinavyong'aa kwa sababu mafuta yakimwagika vinaangusha watu. Sakafu ya saruji iliyorekebishwa upya inatosha.

Nafasi ya tano: makabati

Kabati la mbao za unga wa kugandishwa, linalouzwa likiwa limeng'arishwa vizuri, ndilo ununuzi mbaya kuliko wote katika orodha hii. Likipata maji chini ya sinki huvimba, skrubu hulegea, na mlango ukishaanguka haurudi. Kwa kuwa miguu ya matofali tayari imegawa nafasi chini ya meza, kinachohitajika ni milango tu. Mninga wa misitu yetu ya miombo ndio bora, kiini chake hustahimili mchwa. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, utumike kwenye fremu peke yake, na mlango uwe wa plaiwudi isiyopitisha maji. Mbao za msonobari zikubaliwe tu zikiwa zimetiwa dawa. Asiye na fedha hata za hilo aweke pazia la kitambaa, ila lisiwe upande wa jiko la gesi. Rafu za ukutani zishikwe kwa vyuma vilivyochimbiwa kwenye ukuta, na kila kitu cha mbao kiachwe juu ya sakafu kwa sentimita 10, ili ufagio upite na njia za udongo za mchwa zionekane zikiwa bado fupi.