Uzoefu wangu na Canon EOS 2000D: picha za ukungu zilikuwa zinatoka wapi

Huu ni mwaka wa nne tangu niwe na kamera ya Canon EOS 2000D, na kwa miezi mitano ya mwanzo niliamini kabisa kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55, nikaanza nayo kazi ya kupiga picha za shughuli za wanawake hapa Unguja, kazi ambayo wanaume hawaigusi, kwa kuwa siku ya kupambwa bibi harusi ukumbi huwa wa wanawake watupu. Washindani ni wachache, lakini macho ya wateja ni makali. Katika shughuli yangu ya kwanza nilirudi nyumbani na picha zaidi ya 600, na nilipompelekea bibi mzaa mama wa bibi harusi zile nilizoziona bora, aliishika moja, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, tuliyempamba ni mmoja, mbona hapa nawaona wawili?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilipeleka kamera na lenzi kwa fundi, naye akavitazama na kuniambia havina ubaya wowote, jambo ambalo sikulisadiki. Kilichonifumbua macho ni kitufe cha DISP. Unapotazama picha kwenye kioo cha nyuma na kukibonyeza kitufe hicho, kamera hukuonyesha kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi na kipimo cha ISO (jinsi kamera inavyouhisi mwanga) vilivyotumika kwa picha hiyo. Nilikaa usiku mzima nikizipitia zile 600 moja baada ya moja, na picha nilizozichukia zaidi karibu zote zilikuwa na maandishi yanayofanana: 1/15, 1/10, mpaka 1/8 ya sekunde.

Maana yake ni kwamba shata ilikaa wazi kwa muda mrefu kuliko mkono wangu unavyoweza kutulia. Wapiga picha wana kipimo cha zamani kinachosema kwamba ukishika kamera kwa mkono, kasi ya shata isishuke chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Kwa kuwa sensa ya kamera hii ni ndogo kuliko filamu ya milimita 35, urefu huo unazidishwa kwanza kwa 1.6. Kwa hiyo nikivuta lenzi mpaka mwisho wake wa 55 napata 88, na kasi salama inakuwa 1/100 au zaidi. Mimi nilikuwa napiga kwa 1/15, huku nikiwa nimevuta lenzi yote na nimeinua mikono juu ya vichwa vya watu. Tena kipimo hicho kinahusu mtikisiko wa mkono peke yake. Mtu anayecheza, au shangazi anayekwenda kutunza huku akipeperusha noti, anahitaji walau 1/250 hata kamera ikiwa imefungwa kwenye nguzo.

Wale bibi harusi wawili wana kisa chao, na nadhani wengi wanaotumia kamera za Canon za daraja hili watakitambua. Niliwahi kuambiwa kwamba mpiga picha aliyekomaa hatumii Auto, anatumia Av, basi nami nikazungusha gurudumu mpaka Av na kuinua flashi, bila kujua kinachofuata. Katika Av wewe unachagua ukubwa wa tundu la lenzi na kamera inachagua kasi ya shata. Ukiwasha flashi, kamera huhesabu kwamba flashi itammulika mtu aliye karibu, kisha huacha shata wazi kwa muda mrefu ili na ukumbi ulio nyuma uonekane. Flashi humchora bibi harusi mara moja akiwa mkali kama mchoro wa wino; halafu akigeuza shingo kidogo, taa za ukumbi humchora mara ya pili, kwa kivuli chepesi, sentimita chache pembeni. Kamera ilifanya sawasawa na ilivyoamriwa. Ndani ya menyu ya vipengele maalumu kuna sehemu ya kuifungia kasi ya flashi kwenye Av iwe 1/200 siku zote, na tangu nilipoibadilisha hakuna bibi harusi aliyezaliwa pacha mikononi mwangu. Gharama yake ni kwamba nyuma kunakuwa na giza zaidi, na baadhi ya wateja hawalipendi giza hilo.

Siku hizi lakini natumia zaidi Tv, ambayo ni kinyume chake: mimi naamua kasi ya shata, kamera inatafuta vingine. Wakiwa wamekaa naweka 1/125, wakianza kucheza napandisha mpaka 1/250. ISO nimeiacha ijichagulie yenyewe, lakini kikomo chake cha juu nimekiweka 6400. Wenzangu wengi huogopa namba hiyo kwa sababu ya chenga, yaani vidoadoa vinavyotokea kwenye picha, na ni kweli chenga zipo, hasa kwenye vitambaa vyeusi. Mimi nimeshaamua. Chenga hazionekani sana picha ikichapishwa kwa ukubwa wa albamu, na zikionekana mteja huzisamehe. Uso uliovurugika hausameheki na hakuna programu ya kompyuta inayourudisha vizuri. Kitu cha kuangalia katika Tv ni namba ya tundu la lenzi ndani ya kitundu cha kuchungulia: ikianza kumeta-meta, kamera inakwambia mwanga hautoshi na picha itatoka na giza. Hapo nashusha kasi hatua moja, sio tatu. Na katika kumbi zenye taa zinazopepesa, zikaleta mistari ya giza kwenye picha, narudi 1/100, kwa sababu umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na taa hizo hupepesa mara 100.

Kuhusu lenzi, nina neno kwa anayetaka kununua. Kamera hii huuzwa na lenzi za 18-55 za aina mbili zinazofanana sana kwa sura: moja imeandikwa IS II na ina kituliza mtikisiko ndani yake, nyingine imeandikwa III na haina. Yangu ni III, na sikujua kuna tofauti mpaka nilipokuwa nimeshalipa. Kituliza mtikisiko husaidia mkono unaotetemeka, hakimsimamishi mtu anayecheza, lakini kwa picha za meza, maua na waliokaa ningekuwa nimeokoa mamia ya picha. Zaidi ya hayo, ukiivuta lenzi hiyo mpaka 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kipimo kidogo mno kwa ukumbi wa usiku.

Baadaye nilinunua lenzi ya Canon ya 50 yenye f/1.8, ile ya STM, na sioni aibu kusema kwamba ndiyo iliyoniweka kazini. Inaingiza mwanga karibu mara 10 ya ile ya f/5.6, mahali palipokuwa pananilazimisha 1/15, sasa napata karibu 1/150 kwa ISO ileile. Ilikuja na ukungu wa aina yake, lakini. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita 2 mbele yangu, sehemu iliyo ndani ya fokasi, yaani inayotoka kali, haizidi sana unene wa sentimita 10, na kamera ikiachiwa ichague yenyewe kati ya vituo vyake 9 vya fokasi, hupenda kushika kilicho karibu zaidi. Bibi harusi amekaa, mikono yenye hina na piko ameiweka magotini: hina ikatoka safi unaweza kuhesabu majani yake, macho yakazama. Dawa yake ni kuchagua kituo cha kati, ambacho ndicho chenye nguvu kuliko vyote katika kamera hii, kukiweka kwenye jicho, kubonyeza nusu, kisha kupanga picha bila kusogea mbele wala nyuma. Kwa picha za familia zenye safu mbili nafunga tundu mpaka f/4 au f/5.6 na kuwasha flashi, la sivyo safu ya nyuma haitambuliki.

Mchana ni habari nyingine kabisa. Julai nilikwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambako wanaume hupigana kwa vigomba, na kwenye jua lile 1/1000 kwa f/5.6 na ISO 200 ilitosha kuyasimamisha hata maji yanayoruka kutoka kwenye vigomba. Nilibadili fokasi kutoka One Shot, inayoshika mara moja tu, kwenda AI Servo ili imfuate anayekimbia. Picha 3 kwa sekunde ni chache kwa mchezo wa aina ile. Lazima uvizie pigo lenyewe, na nyingi nililikosa. Siku hiyohiyo dakika zangu 15 za mwanzo zilipotea kwa sababu nilitoka kwenye gari lenye kiyoyozi na lenzi ikajaa ukungu halisi, wa maji. Kwa mazingira yetu ya pwani, mfuko wa kamera uachwe umefungwa mpaka uzoee joto la nje.

Kioo cha nyuma hakigeuki wala hakiguswi, na vituo vya pembeni vya fokasi hunihangaisha sana gizani, kwa hiyo sikimbilii kuisifu kupita kiasi. Ila nikipewa pesa zilezile leo ningeinunua tena, kwa sharti la kuchukua kamera bila ile 18-55 ya III, na tofauti ya bei ningeiweka kwenye lenzi ya 50 tangu siku ya kwanza.