Eti nimekilalia

Nyota moja. Kifaa chenyewe ningekipa tano, lakini kila nikikikumbuka namwona yule kijana wa dukani, kwa hiyo moja inatosha.

Nilikinunua Kariakoo, mvua zilikuwa bado hazijaanza. Ni kile kifaa cha kusomea vitabu, chenye kioo kinachofanana na karatasi. Si tableti, ingawa nyumbani kwangu hakuna anayekubali kwamba si tableti. Siku hiyo kijana alikuwa asali. "Karibu mama yangu, kipya hiki, boksi halijafunguliwa, waranti mwaka mzima." Akanipa cha kujaribia, nikafungua kurasa mpaka nikasahau kilichonipeleka mjini. Kava akanipa bure. Nikahesabu laki nne na ushee, nikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Nilipouliza ya mashine, akasema mtandao unasumbua. Hapo ndipo ningeshtuka.

Asubuhi moja nakiwasha, nusu ya juu imeganda, nusu ya chini mistari mitupu. Nje hakuna hata mkwaruzo. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba vifaa vingi vya aina hii vina kioo chembamba kwa ndani, kinaweza kupasuka huku uso wa juu ukiwa mzima. Na kwa kuwa kinakula umeme pale tu ukurasa unapobadilika, picha iliyoganda haiondoki hata chaji ikiisha. Mpaka leo kiko kabatini kimenikodolea macho.

Nikarudi dukani. Kijana yule yule, safari hii macho yako kwenye simu. Akakigeuza mara moja, akatamka kwa sauti ya kuwafikia hata wauza vitenge wa ng'ambo ya barabara:

"Hiki umekilalia, bi mkubwa."

Umekilalia! Siku ya kutoa hela nilikuwa mama yangu, siku ya kudai nimekuwa bi mkubwa anayelalia vitu. Wateja wawili wakacheka. Nikatoa risiti, akaweka kidole kwenye mstari wa chini: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Na waranti je? "Hiyo waombe kampuni, sisi ni duka tu."

Basi nikaiandikia kampuni. Wale wana adabu, siwezi kuwasingizia. Wakaomba namba ya kifaa, wakajibu kwamba kiliuzwa mara ya kwanza nchi nyingine, zaidi ya mwaka uliopita, na waranti inahesabiwa tangu siku ile. Yaani huo mwaka wangu mzima ulikuwa unaisha kimya kimya ndani ya boksi lisilofunguliwa.

Mdogo wangu yuko Marekani, chake alikinunua kwa kampuni yenyewe. Kilipomfia, alichati nao kidogo tu, kingine kikamfikia mlangoni, na akaunti yake imeshawekwa humo. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Kwa hiyo jamani, nunueni kwa mtengenezaji, maduka muwaachie wenyewe.

Ndivyo nilivyokuwa nimeandika juzi. Jana nikajaribu kuagiza, anwani yangu ya Dar ikakataliwa. Maana yake kiende kwa mdogo wangu, tusubiri mtu anayekuja likizo, na kikiharibika kirudi vilevile, begi kwa begi. Duka angalau lina mlango, unaingia unagomba. Halafu tuseme haki: nisingekishika pale Kariakoo, nisingejua kama nakitaka.

Mume wangu anasema twende Tume ya Ushindani, wale wanaopokea malalamiko ya wateja. Na karatasi ile ya mkono? Wataanza na mimi, kwa nini sikudai risiti ya mashine.

Na kuna jambo jingine, nalisema kwa vile hamnijui. Mimi nasoma kitandani, ndani ya chandarua, miwani usoni, na mara nyingi usingizi hunikuta hapo hapo. Inawezekana usiku ule... inawezekana, sisemi ndiyo. Lakini yeye alijuaje? Alikitazama sekunde mbili!

Haya, nyota mbili, kwa ajili ya kava. Hapana, irudi moja.

Jumamosi nina vitenge vya harusi vya kuchukua mtaa ule ule. Dukani kwake nitapita. Sinunui kitu, nataka tu anitazame usoni aniite tena bi mkubwa.