Plasta ngumu kwa goti lililochakaa: naipa nyota nne kati ya tano

Ninayoizungumzia ni ile plasta ya zinki, rangi ya kaki, upana milimita 38, isiyovutika. Si zile za rangirangi wanazobandika wachezaji. Kwa magoti yenye osteoathritisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, naipa nyota nne kwa sababu moja: inayapunguzia mzigo mafuta yaliyo chini ya pia ya goti.

Mafuta hayo hata mtu aliyekonda sana anayo. Yanakaa nyuma ya ukano unaotoka kwenye pia kwenda kwenye muundi, na yanaitwa kwa jina la Albert Hoffa, daktari Mjerumani aliyeyaeleza mwaka 1904. Gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina neva, kwa hiyo kulika kwake peke yake hakuumi. Mafuta haya yamejaa neva na mishipa ya damu. Goti likichakaa, hutoa kemikali za kuchochea uvimbe, kama interlukini-6, na utando wa jirani nao huwaka. Yakishavimba hayana pa kwenda: ukinyoosha goti hadi mwisho, yanabanwa. Ndiyo maana mtu anayelima ameinama huku magoti ameyakaza kwa nyuma hutoka shambani akiumwa mbele ya goti. Kina mama wa Buganda wanaopiga magoti kusalimia, nao huyakandamiza kwa uzito wa mwili mzima.

Pima kabla ya kununua. Goti likiwa limekunjwa kidogo, bonyeza kwa vidole gumba pande mbili za ukano, chini tu ya pia, kisha mgonjwa anyooshe polepole. Likiuma hapo, plasta ina kazi. Maumivu yakiwa nyuma, uvunguni, sitegemei makubwa.

Nyoa eneo siku moja kabla, si siku ileile, maana ngozi iliyotoka kwenye wembe huwashwa. Osha, kausha kabisa, usipake mafuta yoyote. Tanguliza plasta laini nyeupe isiyochubua ngozi, upana sentimita 5, bila kuivuta. Mguu ukae juu ya taulo lililokunjwa, paja likiwa limelegea. Kipande cha kwanza cha plasta ngumu kipite nusu ya juu ya pia ya goti na kuikandamiza kidogo, ili ncha yake ya chini iinuke. Cha pili kianzie kwenye kinundu cha muundi, kielekee juu kwa mshazari hadi upande wa ndani wa goti, huku mkono wa pili ukisukuma nyama kuelekea kwenye pia. Cha tatu vivyo hivyo upande wa nje. Utapata herufi V, na ngozi katikati itajikunja kama ganda la chungwa. Isipojikunja, hujainua kitu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kupitisha plasta juu ya ncha ya chini ya pia. Hapo unayasukuma mafuta yaleyale unayotaka kuyaokoa, na maumivu huongezeka siku hiyohiyo. Kipimo changu ni ngazi: ashuke kidato kimoja kabla na baada. Maumivu yasipopungua angalau nusu, bandua ufunge upya.

Goti moja hula kama sentimita 60, hivyo roli la mita 13.7 latosha mara 20 na zaidi. Piga hesabu ya bei kwa kila mara ya kufunga, si kwa roli.

Utafiti wa Australia wa mwaka 2003, wenye watu 87, ulipima ufungaji wa namna hii kwa wiki tatu. Walionufaika walikuwa asilimia 73, dhidi ya 49 waliobandikwa bila kuvutwa, na 10 wasiofungwa kabisa. Kwa hiyo sehemu ya nafuu huja kwa kubandika tu; nakubali, lakini tofauti iliyobaki ni ya mikono.

Nyota iliyokosekana ni ya ngozi. Kwenye utafiti ule wa Australia waliibadilisha kila wiki. Kwa jasho la Kampala mimi sivuki siku tatu. Ikiwasha au kutoa malengelenge, itoke mara moja: ilowanishe kwa mafuta ya kupikia, subiri dakika kumi, kisha bandua taratibu ukishika ngozi. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni asifungwe. Goti jekundu, la moto, lenye homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo likiwa wazi.