Mashine mbili, duka moja: uchapaji wa kijitabu na kalenda mjini Kisumu

Mwaka huu nimepeleka kazi mbili kwenye duka moja la uchapaji lililo karibu na Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, na kwa kuwa kila kazi ilipita kwenye mashine tofauti, nadhani naweza kulipima kwa haki. Jina nitalihifadhi kwa sababu ya lalamiko litakalofuata.

Kazi ya kwanza ilikuwa programu ya mazishi ya shangazi yangu, kurasa 16, nakala 150. Tuliifikisha Jumatano jioni na maziko yalikuwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi tuligundua kwamba wajukuu wawili hawakutajwa, kosa ambalo katika ukoo wetu lingezua kikao cha pili baada ya msiba. Dada wa mapokezi aliongeza majina kwenye kompyuta na uchapaji ukaanza papo hapo, kwa maana mashine ya dijitali haina bamba (kipande bapa cha metali chenye picha ya ukurasa) la kutengenezwa upya: husoma faili, hunasa unga wa tona kwa chaji ya umeme, kisha huuyeyusha kwa joto juu ya karatasi. Kila nakala ilitugharimu shilingi 180, na bei hiyo isingepungua sana hata tungeagiza mara tatu zaidi.

Hapo ndipo lalamiko linapoingia. Tona hukaa juu ya karatasi kama ngozi nyembamba, haizami ndani, na jalada zito linapaswa kupigwa mfuo, yaani kukandamizwa mstari wa mkunjo, kabla ya kukunjwa. Mafundi hawakufanya hivyo, basi rangi ikapasuka kwenye mkunjo na ufa mweupe ukapita begani mwa marehemu. Waliomba radhi, lakini programu zilikwisha kugawiwa.

Nilirudi, hata hivyo, na kalenda 2,000 za chama chetu cha akiba. Nilitaka dijitali kwa pupa ya kuzipata haraka. Msimamizi akanionyesha kwa kikokotoo kwamba ningelipa karibu maradufu. Ofseti, ile mashine ya pili inayochapa kwa mabamba na wino, hudai gharama kubwa mwanzoni, kwa sababu kila rangi ina bamba lake la alumini, yaani samawati, majenta, manjano na nyeusi, lakini mabamba yakishafungwa, kila karatasi ya ziada hugharimu kidogo tu. Aliniruhusu kutazama. Bamba hulowa maji pasipo na picha, na wino wa mafuta hushika penye picha pekee. Picha huhamia kwenye silinda iliyovikwa mpira, na ni mpira huo, si bamba, unaogusa karatasi. Fundi alitupa rundo zima la karatasi, nami nikaguna kimoyomoyo, hadi alipoeleza kwamba bado alikuwa akisawazisha maji na wino. Kijani cha nembo yetu kilichanganywa kama wino wa pekee, wenye bamba lake la tano, na kimetoka kizito na safi kuliko nilivyowahi kukiona kwenye barua zetu za dijitali.

Kalenda zilichelewa siku mbili kwa kuwa wino wa mafuta haukuwa umekauka vya kutosha kukatwa, nami nilikuwa nimeahidiwa Ijumaa, wangesema mapema. Taarifa yetu ya mwaka, nakala 300, nitaipeleka hapo hapo, kwa sharti kwamba mfuo wa jalada uandikwe kwenye risiti.