Intaneti ya nyumbani Mwakirunge: nunua ipi kwanza?

Nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Hata hivyo, huku kwetu Mwakirunge, ndani ya kaunti hiyohiyo, bado kuna mtoto wa shule anayepanda mwembe ili apakue kazi ya mwalimu. Hilo linaniuma, ndiyo maana nimeandika haya. Nimezipanga njia za kupata intaneti nyumbani kuanzia bora hadi hafifu, nikiwafikiria wenye shamba, minazi, na stima ya kukatikakatika.

Ya kwanza ni faiba, yaani intaneti ya waya wa kioo, iwapo inafika kwako. Jioni watu wote wakiwa mtandaoni haizidiwi kirahisi, na mvua haiibabaishi. Lakini usitegemee jibu la dukani. Toka utembee, utazame nguzo: waya mwembamba mweusi wenye kisanduku karibu na kwako ndio dalili. Mimi niliahidiwa na kampuni moja, nikalipa ada ya kuunganishwa, na fundi alipokuja akakuta nguzo ya mwisho iko kando ya barabara kuu, mbali kabisa na geti langu. Pesa zangu nilizifuatilia wiki sita. Usitoe hata shilingi kabla fundi hajafika akapima umbali.

Ya pili, na kwa wengi wetu ndiyo ya kununua, ni ruta ya laini ya simu, yaani kisanduku cha Wi-Fi kinachotiwa laini, ya 4G au 5G. Safaricom na Airtel wanazo. Hapa jambo kubwa ni pale utakapoiweka kuliko kasi iliyoandikwa kwenye tangazo. Azima laini ya mtandao unaoufikiria, itie kwenye simu, kisha tafuta nguvu ya mawimbi ndani ya mipangilio, kwenye hali ya laini. Utaona namba hasi. Kwenye 4G, hasi 85 ni nzuri. Hasi 110 utateseka. Sebuleni kwangu, chini ya mabati, ilikuwa hasi 112. Dirisha la mashariki, hasi 97. Nikaweka antena ya nje juu ya bomba la chuma lililopita paa, ikawa hasi 84, na binti yangu akamaliza somo la video bila kukwama. Mabati huzuia mawimbi sana, na minazi iliyolowa maji nayo hupunguza. Kabla hujanunua ruta, igeuze uone kama ina matundu ya antena, maana nyingi hazina. Na kasi uipime saa mbili usiku, kila mtu akiwa nyumbani. Kipimo cha saa nne asubuhi kitakudanganya.

Ya tatu ni Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko takriban kilomita 550 juu, si 36,000 kama zile za zamani, kwa hiyo sauti kwenye simu ya video haichelewi. Ningeiweka ya pili kwa boma ambalo simu haishiki kabisa. Lakini dishi linataka anga wazi, na mnazi mmoja unaoyumba wakati wa kusi utakukatia mazungumzo kila mara. Tena dishi kubwa hula wati 75 hadi 100, ilhali ruta ya simu huridhika na kama 10. Mwenye sola ndogo apige hesabu hiyo kwanza.

Ya nne ni antena za watoa huduma wadogo wa mtaani. Ubora wake hutegemea mtu anayeziendesha, kwa hivyo muulize jirani aliyekaa nayo masika nzima.

Mwisho kabisa ni bando la simu unalowagawia wengine nyumbani. Mtu mmoja wa WhatsApp litamtosha, lakini familia italilipia ghali.

Ukiambiwa kifurushi “hakina kikomo”, uliza ni baada ya gigi ngapi kasi hupunguzwa, na jibu uandikiwe. Nunua pia betri ndogo ya ruta, stima ikipotea uendelee. Na radi za masika zikianza kunguruma, chomoa plagi ya ruta ukutani, na waya wa antena pia.