Studio ya Kariakoo iliyonisafishia picha za mama bila kuziharibu

Jamani kama una picha za zamani zinaozea kwenye sanduku, zipeleke hapa. Ni kistudio cha ghorofani Kariakoo, unapanda ngazi kutokea mtaa wa Msimbazi. Kuskani ni 3,000 kwa picha, ukitaka watoe na mikwaruzo 8,000.

Nilienda na mbili za mama. Moja ya 1983, enzi zile za kupanga foleni ya sabuni na vitambaa, mama ana miaka 15 kasimama wima kama yuko gwaride na kigauni cha maua. Nyingine 1989, Mzee Ruksa, yaani Rais Mwinyi, yuko Ikulu, mitumba imejaa sokoni, na mama huyo huyo ana jinzi, shati la mabega, nywele za kalikiti zinameta mafuta, mkono kiunoni, yani ukiziweka pamoja huamini kama imepita miaka 6 tu. Bibi hana hata picha moja ya pozi kama ile, ujana wake ulikutana na Operesheni Vijana, ile ya 1969 vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wanafukuzana na vimini na mawigi.

Kabla ya hapo nilishapeleka kwa wengine, siwataji, waliniumiza sana, walimng'arisha mama uso akawa kama mdoli na gauni wakalisugua lote likawa jipya. Huyu fundi wa Kariakoo aliikuza ile ya 1983 kwenye kompyuta akanionesha kamstari kembamba juu ya pindo, akauliza, "Dada, huu ni mkunjo wa karatasi au ni pindo lilifunguliwa gauni liongezwe urefu?" Kweli, ni pindo! Wale wa kwanza walishalifuta wakidhani uchafu. Yeye akaliacha, akatoa mikwaruzo na madoa ya fangasi basi. Anaskani doti 600 kwa inchi, na kwenye flashi anakuwekea faili mbili, ile ambayo haijaguswa na iliyorekebishwa, hilo mlidai popote mnapokwenda maana rangi ya nguo ikishabadilishwa huirudishi tena.

Kasoro ni kuchelewa, waliniambia siku 2 nikakaa 6, ila ningesubiri hata mwezi.

Mama nilivyompa ile ya 1983 aliweka kidole palepale kwenye kamstari. Akasema gauni lilikuwa la dada yake, "mi nilikuwa mrefu kumzidi, mama akalishusha usiku na kibatari."

Anayetaka namba yao anicheki inbox.